Jibu: Samaki hana miguu, ameachaje alama kwenye jiwe?

Ndugu, umeuliza samaki ameachaje alama ilhali hana miguu. Ni mapezi hayo! Akiogelea karibu kabisa na tope la chini, ncha za mkia na mapezi huchora mistari ya mawimbi inayopishana. Tope jingine likiifunika taratibu, baada ya muda mrefu huwa jiwe. Wataalamu huziita alama hizi Undichna.

Mimi inayonigusa zaidi ni ya Fossil Butte, Wyoming, Marekani, ya miaka milioni 50 hivi. Kwenye mistari ile kuna vialama vyenye umbo la yai. Mwaka 2010 watafiti walieleza kuwa ni mdomo uliogusa tope, yaani samaki alikuwa anatafuta chakula huku akiogelea. Wakamtaja Notogoneus, aina ya samaki wa kale, kuwa ndiye aliyeziacha, maana mdomo wake ulielekea chini.