Siku Ambayo Meli Haitii Nanga

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu na mkazi wa Buruburu. Wanangu wametulipia, mimi na baba yao, safari ndefu ya meli ya kitalii itakayong'oa nanga Mombasa mwezi wa Januari, ipitie Ushelisheli na Mauritius, na kuishia Cape Town. Nilipoisoma ratiba nilishtuka kuona siku nyingi zimeandikwa "baharini" tu, bila jambo lingine. Nimezoea kuamka alfajiri na kushinda nikifanya kazi, na mume wangu anatumia dawa za shinikizo la damu. Siku kama hiyo mtu huipitishaje bila kuchoshwa na kukaa bure? Na bahari ikichafuka, tufanyeje?

JIBU: Mwalimu, pokea hongera zangu, wewe pamoja na mzee. Hizo siku unazozihofia ndizo ambazo ningekusihi uzithamini kuliko zote. Siku ya bandarini msafiri hukimbizana na saa, kwa kuwa ni lazima ashuke, auzunguke mji, anunue vitu vyake na kurudi kabla ngazi haijaondolewa. Siku ya baharini haimdai mtu lolote, na huharibika pale tu abiria anapoijaza shughuli kwa kuogopa kuonekana mvivu.

Siku hizo ni nyingi kwa sababu Bahari ya Hindi ni pana. Kutoka Mombasa hadi bandari ya Victoria, Ushelisheli, ni takriban maili 950 za baharini, yaani zaidi ya kilomita 1,700, na meli inayokwenda maili 18 kwa saa hukata maili 432 tu kwa siku nzima. Kutoka hapo kuelekea kusini hadi Port Louis, Mauritius, ni mwendo unaokaribiana na huo.

Kila jioni mtaletewa chumbani ratiba ya kesho yake, nayo itakuwa imejaa mihadhara, mazoezi ya viungo, mafunzo ya dansi, michezo ya maswali, muziki na sinema. Najua mwalimu akiona ratiba mkono humuwasha. Chukua kalamu, uwekee alama jambo moja, au mawili yakizidi sana, kisha uiweke ratiba kando.

Mazoea yako ya kuamka alfajiri yatakufaa sana. Kabla jua halijachomoza, nendeni kwenye sitaha ya matembezi, ambayo katika meli nyingi huzunguka ubavu hadi ubavu, mkiwa mmevaa viatu vyenye soli ya mpira kwa kuwa mabaharia huosha sakafu saa hizo na huwa imelowa. Simameni upande wa omo mkatazame maji pale meli inapoyapasua. Mtawaona samaki aina ya panzi wakichomoka kundi zima, wakitandaza mapezi yao kama mbawa na kupaa juu ya mawimbi kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzama tena. Wanaoshuka sitahani baada ya kiamshakinywa hukuta jua limeshakuwa kali, na wengi hawaoni kitu.

Neno dogo kuhusu chai, kwa maana najua uzito wake kwetu. Melini mtapewa maji ya moto na kifuko cha majani, na ile chai ya maziwa iliyochemka pamoja na majani hamtaiona. Mwombeni mhudumu birika la maziwa ya moto badala ya maji, mtie vifuko viwili na kuifunika kwa dakika chache. Haitakuwa ya nyumbani, lakini itanyweka.

Saa sita mchana, katika meli nyingi, nahodha hutangaza mahali meli ilipo, upepo unakotoka na pengine kina cha bahari. Hapa ndipo ningependa uwe na ramani ya Bahari ya Hindi ya aina ile uliyokuwa ukiibandika ukutani darasani. Andikeni latitudo na longitudo, wekeni nukta, kisha mpime mmesogea kiasi gani tangu jana. Mtu anayeweka nukta hizo huanza kuihisi safari mwilini, na hushangaa akifahamu kwamba njiani kuelekea Ushelisheli chini ya kiti chake kuna sehemu zenye maji ya kina cha zaidi ya mita 4,000.

Alasiri ni ya kulala, kusoma au kufuma vile vitambaa vya krosheti, mkiwa kivulini. Mkazi wa Nairobi amezoea ubaridi wa nyanda za juu, na upepo wa baharini humdanganya asitambue anavyoungua, ilhali mwanga humpata kutoka juu na mwingine humrudia kutoka majini. Kofia iwe na kamba ya kufunga kidevuni, la sivyo upepo utaichukua.

Sasa nije kwa mzee. Januari ni majira ya kaskazi, na sehemu ya kwanza ya safari kwa kawaida huwa tulivu. Huko kusini, karibu na Mauritius na Madagaska, msimu wa vimbunga huanza Novemba hadi Aprili, na manahodha huvikwepa hata ikibidi kuacha bandari moja. Mkishaipita Durban, mkondo wa Agulhas unaoteremka kusini-magharibi hukutana na upepo unaotoka upande wa pili, na mawimbi huinuka. Kwa hiyo waambieni watoto wawachagulie chumba cha katikati ya meli, katika sitaha za chini, ambako mtikisiko hupungua. Moyo ukianza kumchafuka, atoke nje akazie macho upeo wa bahari, ale chakula chepesi, na asisome. Dawa za kuzuia kichefuchefu amwulize daktari wake kabla ya kuondoka Nairobi, kwa kuwa baadhi yake huleta usingizi na nyingine hazipatani na dawa anazotumia. Dawa za shinikizo azibebe katika mkoba wa mkononi, ziwe za siku nyingi kuliko safari, na awe mwangalifu na chumvi kwenye vyakula vya kujipakulia.

Simu ziwekwe katika hali ya ndegeni, maana mtandao wa melini hupitia setilaiti na gharama yake huuma. Waambieni watoto mapema kwamba mtakuwa kimya mpaka bandari ifuatayo.

SWALI: Msomaji wa Eastleigh anauliza jinsi Mwislamu atakavyojua Kibla na nyakati za sala meli ikiwa safarini siku nzima.

JIBU: Ndugu yangu, nyakati zifuate jua la pale meli ilipo, wala si la Nairobi. Saa za melini nazo hubadilishwa: kuelekea Ushelisheli husogezwa mbele saa moja, na kutoka Mauritius kwenda Afrika Kusini hurudishwa nyuma saa mbili. Kuhusu Kibla, ukiwa Mombasa Makka iko karibu kaskazini kabisa, ukifika Ushelisheli imehamia kaskazini-magharibi, na ukiwa Cape Town iko kaskazini-mashariki. Beba dira, na uulize mapokezi meli inaelekea wapi kabla ya kila sala, kwa kuwa ukuta uliouelekea asubuhi huenda jioni usiwe wenyewe. Meli ikiyumba kiasi cha kumwangusha mtu, sala ya kuketi inaruhusiwa. Tafuteni chumba cha ndani badala ya sitaha iliyo wazi, maana huko upepo hupeperusha mswala.