Mdogo wangu, usitume mzigo kabla hujalipwa

Juzi msomaji wa Arusha, mshona mikoba, ameniandikia kwa furaha. Duka la Ulaya linalouza chapa nyingi za kifahari limempa oda, malipo siku 90 baada ya kupokea mzigo. Anauliza: akope benki anunue ngozi?

Subiri kwanza, mdogo wangu.

Mikoba yangu nayo iliwahi kukaa kwenye duka la namna hiyo, rafu moja na majina tunayoyaota sote. Kingo zake tulizipiga msasa na kuzipaka rangi kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, hadi kidole kisihisi mshono. Iliuzika, na najivunia mpaka leo. Duka lilipofilisika, wadai wenye dhamana, kama benki zilizolikopesha kwa rehani, walitangulia kulipwa. Sisi tuliotoa mali kauli tukaambulia barua. Mafundi wangu wanasubiri mshahara, mimi nimeshika barua. Uchungu ule haujaniisha.

Na maduka haya yanaanguka kwa zamu. Barneys ya New York, iliyoanza 1923, ilifilisika 2019. Matchesfashion ya London ilinunuliwa Desemba 2023 kwa pauni milioni 52, na Machi 2024 ikawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Saks, kampuni ya maduka ya kifahari ya Marekani, iliinunua mwenzake Neiman Marcus 2024 kwa dola bilioni 2.65, mwaka uliofuata ikawatangazia wasambazaji kwamba italipa baada ya siku 90, na malimbikizo kwa awamu 12. Januari 2026 ikakimbilia mahakamani kujikinga na wadai.

Chapa kubwa siku hizi zinataka kuuza zenyewe, kwenye maduka yao na tovuti zao. Duka la kati, linalouza chapa za wengine, linabaki kushindana kwa punguzo, faida inaliwa, madeni yanapanda. Wa kwanza kucheleweshewa pesa ni fundi mdogo aliye mbali, asiye na wakili.

Kwa hiyo dai nusu kabla hujakata ngozi, na nusu ya pili kabla mzigo haujapanda ndege. Watakwambia si utaratibu wao. Shikilia hapohapo: nusu mbele! Usiwaonee haya kwa sababu wana jina. Kazi ya mikono yako nayo ina jina. Na wateja wako wa Arusha usiwaache wakisubiri kwa ajili ya oda moja ya Ulaya.

Benki usiende bado. Nitumie huo mkataba niusome kabla hujasaini.