Kwa nini mashine ya babu inaupinda wembe?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa baharia, na katika kugawana vitu vyake mimi nimeangukiwa na kisanduku chenye mashine yake ya kunyolea ndevu. Ina vipande vitatu: mpini, bamba lenye meno kama kitana pande zote mbili, na kofia ya juu iliyobinuka. Imegongwa neno Gillette na maandishi "Pat. Nov. 15, 04". Nikanunua wembe wa kawaida hapo dukani, ukaingia bila shida, lakini nilipoukaza mpini wembe ukapinda kama upinde. Niliogopa utakatika. Halafu nilipojaribu kunyoa, upande mmoja unateleza vizuri, upande wa pili unanichana. Je, mashine hii ni ya mwaka 1904 kweli? Wembe kupinda vile ni sawa? Meno yale yana kazi gani? Na huo upande mmoja una nini?
Msomaji, Tanga

JIBU

Marahaba, na pole kwa msiba.

Nianze na tarehe maana ndiyo nyepesi. Tarehe 15 Novemba 1904 ni siku King Camp Gillette alipopewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, namba 775,134 huko Marekani, si siku ya kuzaliwa kwa mashine yako. Kiwanda kiliendelea kuigonga tarehe hiyo kwenye bidhaa zake miaka mingi baadaye. Umbo unalolieleza, ambalo kofia yake ikigeuzwa ina vijipini viwili na skrubu katikati, ndilo la mwanzo, na kichwa kikabadilishwa mwaka 1930. Kwa hiyo yaelekea ni ya kabla ya hapo. Ukija kuiuza usiseme ni ya 1904. Wanaokusanya vitu hivi wanajua, na watakushushia bei kwa uongo huo tu.

Sasa kupinda. Hujaharibu kitu. Kupinda ndiko mashine yenyewe, na yaliyobaki yote, pamoja na hayo meno, ni mawazo ya watu waliotangulia.

Wazo la kuuzuia wembe usizame kwenye ngozi ni la miaka ya 1760. Mfua visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, aliuvalisha wembe wa kukunja ala ya mbao iliyoacha ukingo mdogo tu wa makali nje. Inasemekana aliliona jambo hilo kwenye randa. Kama umewahi kukaa karakana ya seremala utaelewa mara moja: kisu cha randa kimezama ndani ya gogo, kinachungulia unene wa karatasi, na hata ukiisukuma kwa hasira haiwezi kula mbao zaidi ya kile kilichochungulia.

Mwaka 1847 Mwingereza William Samuel Henson, yule yule aliyechora ndege ya mvuke ambayo haikuwahi kumbeba mtu, akaugeuza wembe ukae pembe mraba na mpini. Kwenye hataza yake anaufananisha na jembe, na nadhani mfano huo unaeleweka zaidi Korogwe kuliko London. Wembe wa kinyozi unategemea kifundo cha mkono kushika pembe. Jembe unalivuta tu, pembe imeshawekwa na aliyelitia mpini. Kisha wakaja akina Kampfe, ndugu wa New York, na hataza yao ya 1880: kichwa kama kijisanduku cha kupokea povu, kinga mbele, na kipande kifupi cha wembe mnene.

Tatizo lao wote lilikuwa hilo neno la mwisho. Wembe wao ulikuwa kabari ya chuma cha pua, mgongo mnene, makali membamba. Usalama umepatikana, lakini kila asubuhi mtu anaukokota kwenye ukanda wa ngozi, na kila baada ya muda anaupeleka kwenye kinoo. Kinoo kikishindwa, kinyozi anaitwa.

Gillette alikuwa muuzaji anayezungukia wateja wa kampuni ya vizibo vya chupa, vile unavyovibandua kwenye soda na kuvitupa. Mwaka 1895, akiwa na wembe butu mkononi, akaona kwamba kinachonyoa ni ule ukingo tu. Chuma chote kingine kipo kwa ajili ya kuushikilia. Basi kama kazi ya kushikilia itafanywa na mashine, wembe wenyewe unaweza kuwa ukanda mwembamba wa bei ndogo, ukiisha makali unatupwa. Mafundi wa chuma wakamwambia bamba jembamba kiasi hicho haliwezi kukazwa kwa moto likashika makali. Ilimchukua miaka sita mpaka akampata mhandisi William Nickerson, ambaye ndiye aliyetengeneza mitambo ya kuukaza na kuunoa. Mwaka 1903, wa kwanza wa mauzo, ziliuzwa mashine 51. Mwaka uliofuata zilizidi 90,000.

Lakini hebu shika wembe mpya uliotolewa kwenye karatasi yake, uushike ncha mbili za upande mfupi, kwa uangalifu. Unayumba. Ukiuacha bapa hivyo hivyo ukaukutanisha na kidevu cha siku tatu, makali yatatetemeka, yatarukaruka juu ya vinyweleo, na utatoka damu. Hapa ndipo kupinda kunapoingia. Chukua bati bapa, liweke juu ya paa lisilo na papi nyingi: litabonyea katikati. Chukua bati lile lile lenye migongo: unatembea juu yake. Chuma ni kile kile, uzito ni ule ule, umbo tu limebadilika. Kofia ya mashine yako inausukuma wembe chini pembeni huku bamba la meno likiusukuma juu katikati, na wembe ukishakuwa mgongo mmoja wa bati unakuwa mgumu kwa urefu wake wote. Hautakatika, umetengenezwa kwa ajili hiyo.

Watu husema wembe ni ule ule, na hapa ni kweli kwa karibu kila kitu. Wa dukani leo unaingia kwenye mashine ya karibu miaka mia kwa sababu ile nafasi ndefu ya katikati inawapokea wale vijipini viwili na skrubu. Kinyume chake hakiwezekani: wembe wa mwanzo, wenye matundu matatu, hauingii kwenye kichwa kile kipya cha Gillette cha 1930. Tofauti nyingine ni unene. Wembe wa Gillette wa mwanzo ulikuwa kama milimita 0.15, wa leo ni kama 0.1. Tofauti inaonekana ndogo, ila ugumu wa bamba dhidi ya kupinda hufuata unene wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Moja na nusu mara moja na nusu mara moja na nusu ni 3.4 hivi. Yaani wembe wa babu ulikuwa mgumu zaidi ya mara tatu kuliko huo wako. Ndiyo maana kwa wembe wa leo nakushauri mpini uukaze hadi mwisho.

Nasema hivyo kwa sababu mashine hiyo ilikusudiwa pia kurekebishwa kwa mpini. Ukiilegeza kidogo, kofia inapanda, wembe unajinyoosha, makali yanaachana na meno, mwanya unakua, na mashine inakuwa kali zaidi. Ukikaza, makali yanarudi karibu na meno, inakuwa ya upole. Ni ubunifu wa kupendeza, vitu vitatu na hakuna springi hata moja, lakini unadai wembe unaojisimamia. Huu mwembamba ukiulegeza unabaki hauna aliyeushika.

Meno sasa. Ngozi si mbao. Ukiibana inafura na kuingia kwenye uwazi wowote ulio mbele ya makali, na kinachofura ndicho kinachokatwa. Mstari mmoja unaanzia ukingo wa kofia hadi ncha za meno, na ngozi inalala juu ya mstari huo. Makali yanakaa hapo katikati, yakichungulia kidogo sana. Meno yanaivuta na kuinyoosha ngozi kabla makali hayajafika, na nafasi kati yake zinapitisha povu na ndevu ndefu zisizibe. Kwa mtu anayenyoa mara moja kwa wiki, meno ni bora kuliko ile kinga bapa iliyokuja baadaye. Mimi mwenyewe naipenda ya meno, ingawa inahitaji adabu.

Tuje kwenye upande unaochana. Usikimbilie koleo. Kwanza tafuta kosa liko kwenye kipande kipi, na kwa kuwa mashine ina pande mbili zinazofanana, inakupa kipimo cha bure. Weka alama ndogo ya kalamu ya wino mzito kwenye upande mbaya wa bamba la meno. Fungua, geuza wembe nusu mzunguko, funga tena, nyoa. Kama uchanaji umehamia upande wa pili, kosa ni la wembe. Tupa, weka mwingine. Kama umebaki pale pale, rudisha wembe na sasa geuza kofia peke yake. Ukihama na kofia, kofia imepinda. Ukibaki kwenye alama yako, ni meno.

Nabashiri ni meno, maana mashine ya baharia imeshaanguka mara ngapi? Hakikisha hivi: ifunge ikiwa na wembe, iinue usawa wa jicho ukiangalia kutokea ncha ya kichwa, dirisha likiwa nyuma yake. Utaona uzi wa mwanga kati ya makali na meno. Unapaswa kuwa sawa kulia na kushoto. Mahali unapopanuka, jino limeinama chini na ngozi yako inafura hapo.

Jino la namna hiyo, toa wembe kwanza, kisha lisukume kwa kijiti cha mti mgumu, taratibu, mara moja au mbili, basi. Chini ya ule mng'aro ni shaba ya manjano, na shaba huzidi kuwa ngumu kila unapoipinda. Ukilipeleka mbele na kulirudisha nyuma ukitafuta usawa kamili, litakuishia mkononi. Nilipokuwa mwanafunzi nilikata moja la mwalimu wangu kwa kutaka sifa, na hilo pengo alinionyesha mpaka nahitimu. Ukiona jino halijalingana kwa unywele mmoja, liache. Angalia pia mpini, kama una ufa karibu na hesi. Mpini wenye ufa hukaza kwa ulegevu, ukadhani ni kofia.

Na kabla ya kunyoa tia maji. Methali ya mwenzako akinyolewa ni ushauri wa kiufundi kabisa: unywele mkavu ni mgumu kama uzi wa shaba, ukikaa na maji ya moto dakika mbili au tatu unalainika na makali yanapita bila kuuvuta. Ilaze mashine hadi wembe ufanye pembe ya kama nyuzi 30 na ngozi, acha uzito wa kichwa chake ufanye kazi, usikandamize.

Fanya kile kipimo cha kugeuza kofia, kisha niandikie mchano ulibaki wapi.