Niko mwembamba ila nakula chipsi kila siku, nina shida?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi nina miaka 29, kazini mchana hatuna muda kabisa kwahiyo karibu kila siku ni chipsi kuku au baga na soda, usiku nikichoka napitia hukohuko tena. Mke wangu ananisema sana, eti ntapata presha na kisukari. Sasa mbona mwili uko vilevile, suruali za zamani zinanitosha na siumwi chochote? Nani yuko sahihi hapa?

JIBU: Marahaba. Mkeo yuko sahihi, pole. Suruali haipimi presha ndugu yangu. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili, mtu anakaa nayo miaka anajiona mzima kabisa huku moyo na figo vinaumia taratibu. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ni chumvi yote ya siku nzima, sasa kwenye mlo wako chumvi iko kwenye kuku, iko kwenye mkate wa baga, iko kwenye jibini, iko kwenye sosi, halafu mtu anamwagia nyingine juu ya chipsi hata hajaonja (hii huwa inanishangaza kweli).

Ila mi ningeanza na soda. Kopo la mililita 330 lina sukari kama gramu 35 hivi, na haikushibishi, unakunywa na chakula unamaliza chote vilevile. Sukari ikizidi ini linaigeuza mafuta, na mafuta yanaweza kujaa kwenye ini hata la mtu mwembamba, kwa nje huoni kitu.

Kuna watafiti Marekani walifuatilia vijana zaidi ya 3,000 kwa miaka 15, majibu yakatoka 2005. Waliokuwa wanakula vyakula vya haraka zaidi ya mara 2 kwa wiki waliongezeka kilo 4.5 zaidi ya wale wa chini ya mara 1, na mwili kuwa sugu kwa insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu), ambayo ndo njia ya kwenda kisukari aina ya 2, kuliongezeka mara 2 zaidi. We uko kila siku.

Sikwambii uache vyote kesho maana utarudi wiki ijayo. Soda weka maji, chipsi omba bila chumvi, usiku kula nyumbani. Na kabla hujabishana tena na mkeo kapime presha na sukari.

SWALI: Nikila baga mchana halafu jioni nikafanya mazoezi si inajifuta?

JIBU: Haijifuti. Mazoezi yanasaidia presha na sukari, usiache, ila kutembea haraka saa nzima wengi hawachomi hata kalori 500. Kuna utafiti wa 2019, watu 20 waliwekwa sehemu moja wakapewa vyakula vilivyosindikwa sana, yaani vya kiwandani, wiki 2, na vya kawaida wiki 2, wakaambiwa wale watakavyo, basi kwenye vile vya kusindikwa walikula kalori kama 500 zaidi kila siku na walikula harakaharaka, vinatafunika kirahisi mno. Kwahiyo we agiza saizi ndogo, kula taratibu, na usichukue ile ofa ya kuongezewa chipsi.