Kwa anayeanza kukagua magobore ya kale

Wengi wanaoingia katika kazi hii hapa Dodoma huanza na hadithi ya mwenye nyumba, lakini mimi nakusihi uanze na mtutu. Gobore lolote unaloletewa, liwe limetoka darini Mpwapwa au kwenye sanduku la marehemu huko Kongwa, lihesabu kuwa limeshindiliwa baruti na risasi. Elekeza mdomo wake mbali na watu, shusha kijiti cha mti taratibu mpaka kigote, kitie alama pale mdomoni, kisha kitoe ukilaze juu ya mtutu, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha yake isipofika karibu na tundu la moto, yaani kitundu cha nyuma ambacho moto hupitia kufikia baruti, acha kila kitu na umwite mtaalamu wa silaha, kwa maana baruti nyeusi iliyokaa kavu miaka mia bado inaweza kuwaka.

Baada ya hapo tazama mtambo, yaani sehemu inayowasha baruti. Gumegume hushika jiwe la kutoa cheche katika taya za nyundo, ilhali nyundo ya bunduki ya fataki hugonga kichuchu, kijibomba kinachovikwa fataki; ukiona matundu yaliyozibwa kwenye bamba la mtambo wa fataki, huenda ilizaliwa gumegume ikageuzwa baadaye.

Alama ndizo roho ya kazi. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimruhusu mwenye gobore alisugue kwa msasa ili lipendeze pichani. Tulibakiwa na nusu ya chini ya duara la yai lenye herufi za ELG, muhuri wa Liège, Ubelgiji, unaoonyesha kuwa mtutu umejaribiwa usalama wake, na sehemu ya juu ikawa imekwenda. Taji iliongezwa juu ya muhuri huo mwaka 1893, kwa hiyo tulipoteza kwa mikono yetu ushahidi ambao ungetusaidia kukadiria umri wake. Kutu futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, basi.

Neno TOWER, alama ya silaha za serikali ya Uingereza, lisikupumbaze, kwa kuwa lilipigwa hata kwenye bunduki za biashara zilizoletwa Afrika. Pima kipenyo cha ndani ya mtutu: Brown Bess ya jeshi la Uingereza ina takriban milimita 19, Enfield ya 1853, nayo ya Uingereza, ina milimita 14.7 na mifereo mitatu ndani, yaani michirizi inayozungusha risasi. Mtutu wa bomba la maji ni kazi ya mafundi wetu. Bei yake ni ndogo, ila usiudharau.

Kabla ya kutaja bei, uliza kibali cha umiliki, na ukumbuke kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863.