Maswali na majibu ya karakana: visu vya kukatia gia

Gia ya mashine yangu ya kukerezea imevunjika meno, nami nataka kujitengenezea kisu cha kuchongea nyingine. Nimetuma picha. Nianzie wapi? (Morogoro)

Picha haina kipimo, na swali hili hunijia kila mara bila idadi ya meno wala kipenyo, vitu ambavyo mwenye vernia, yaani kipimo cha taya cha milimita, huvipata kwa dakika chache. Hesabu meno, pima kipenyo cha nje, kisha kigawe kwa idadi ya meno ukiwa umeiongezea mbili. Jibu ndilo moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa meno. Gia ya meno 40 yenye kipenyo cha milimita 52.5 ni ya moduli 1.25. Ikiwa idadi ya meno ni witiri, usipime kutoka ncha hadi ncha, kwa kuwa upande wa pili vernia itaangukia penye pengo na kukupa kipimo pungufu; pima kutoka ukingo wa tundu la katikati hadi ncha ya jino, zidisha kwa mbili, kisha ongeza kipenyo cha tundu.

Jihadhari pia na mashine kuukuu za Uingereza, ambazo gia zake zilipimwa kwa inchi. Gia ya Myford, mashine ya kukerezea ya Kiingereza, yenye meno 40 ina kipenyo cha nje cha milimita 53.34, sawa na moduli 1.27, na pembe ya msukumo wa meno yake, yaani mwinamo wa ubavu wa jino, ni digrii 14.5, si 20 kama ilivyo katika gia nyingi za siku hizi. Anayeona 1.27 akaikadiria kuwa 1.25 hupata gia ambayo pengine itaingia mahali pake, lakini italia na kuzila gia inazoshikana nazo.

Kisu kimoja cha moduli 1 kinatosha gia zote za moduli hiyo? (Thika)

Hakitoshi. Umbo la pengo hubadilika kwa idadi ya meno ya gia, basi seti ni ya visu vinane, kila kimoja kwa gia za idadi yake: meno 12 na 13, 14 hadi 16, 17 hadi 20, 21 hadi 25, 26 hadi 34, 35 hadi 54, 55 hadi 134, na 135 hadi reki, yaani ufito ulionyooka wenye meno. Soma idadi ya meno iliyochapwa kwenye kisu, wala usitegemee namba yake pekee, kwa kuwa baadhi ya viwanda huhesabu kuanzia upande wa pili.

Sina mashine inayoongozwa na kompyuta. Umbo la kisu nitalipataje kwa usahihi? (Arusha)

Kwa pini mbili za mviringo. Ubavu wa jino la gia ni mkunjo wa involuti, yaani njia ya ncha ya uzi unaofunguliwa kutoka kwenye duara, na kwa meno madogo kipande cha duara huukaribia vya kutosha kwa kazi ya karakana. Ili kupata nusu kipenyo cha pini, zidisha moduli kwa idadi ya meno, gawa kwa mbili, kisha zidisha kwa 0.342 ikiwa pembe ni digrii 20, au kwa 0.25 ikiwa ni 14.5. Kwa meno 40 ya moduli 1.25 hesabu ni 25 mara 0.342, yaani milimita 8.55; basi kila pini iwe na kipenyo cha milimita 17.1. Pini hizo, zikiwa zimetiwa ugumu na kunolewa usoni, hufungwa sambamba kwenye kishikio zikiwa zimeinama kidogo ili sehemu ya chini isisugue, kisha husukumwa taratibu kwenye ukingo wa kisahani cha feleji kinachozunguka, ambacho ndicho kitakuwa kisu. Kinachobaki katikati yake ni ukuta wenye umbo la pengo la gia, na unene wake, pale meno yanapokutana, uwe milimita 1.96 kwa mfano huu.

Wengi huharibu baada ya hapo. Hukata mianya, wakapata meno ya kisu, wakakimbilia motoni kuyatia ugumu, na kisu chao hakikati bali kinasugua, kwa sababu mgongo wa kila jino, yaani sehemu iliyo nyuma ya makali, uko juu sawa na makali yake. Mgongo lazima ushuke. Kwa kisu cha meno manne, kifunge kisahani nje kidogo ya kitovu, ukikereze kwa pini zilezile, ukigeuze robo mzunguko na kurudia kwa kila jino. Anayehitaji gia moja tu na anoe kisu cha jino moja; kazi itakwenda polepole, lakini itakuwa sahihi.

Shikamoo mzee. Kwa nini nisijazie jino kwa welding na kulipiga tupa? (Tanga)

Marahaba, mwanangu. Kwa sababu jicho halipimi involuti, na moto wa welding huweza kuacha ufa pembeni mwa jino ulilolijaza.

Springi ya gari inafaa kwa kisu? (Mwanza)

Haifai. Kaboni yake ni takriban asilimia 0.6, na makali ya kisu yanataka feleji yenye karibu asilimia 1, ambayo unajua aina yake na kama inapozwa kwa maji au kwa mafuta. Ipashe moto hadi sumaku isiishike, uongeze kidogo tu, kisha uizamishe wima. Usitumie oili chafu ya injini, maana moshi wake ni sumu, na chombo kiwe cha chuma chenye mfuniko. Baada ya hapo king'arishe kisu, kipashe tena hadi rangi ya majani makavu, nyuzi 220 hadi 230, ambazo hata oveni ya jikoni huzifikia. Kikiwa butu, noa uso wa mbele wa meno peke yake. Ukigusa ubavu, umbo ulilolihesabu limepotea.