Maswali na majibu: Mikindani kwa baiskeli, asubuhi

Wiki hii najibu maswali ya wasomaji wanaotaka kuizunguka Mikindani ya zamani kwa baiskeli, pamoja na mwongozaji. Limo na la mkazi wa Mikindani mwenyewe, na naomba wote wanaopanga safari walisome hilo kabla ya mengine.

Nakaa Shangani, Mtwara mjini. Mikindani naipita kila nikienda Lindi kwa basi. Kuna nini pale cha kuniamsha alfajiri nipande baiskeli?

Kaka, basi linakupitisha ukingoni mwa ghuba kwa dakika chache tu. Unaliona Boma jeupe juu, ile ngome ya Wajerumani, unaona maduka, mara mmeshatoka. Mji wenyewe uko vichochoroni, ambako gari haliingii. Hapo ndipo baiskeli inapokufaa: unasimama unapotaka, unasalimia, unasikiliza, unasogea.

Ukiingia, simama kwenye ukuta wowote uliobanduka plasta. Utaona mawe ya matumbawe yenye vijitundu vyake, yameungwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Inua macho, utaona ncha za boriti za mikoko zilizobeba dari. Boriti hizo ndizo zilizoamua upana wa vyumba, maana mkoko haukupi mti mrefu sana ulionyooka, ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Nyumba za wafanyabiashara zina ghorofa: duka chini, familia juu, na roshani ya mbao iliyotobolewa nakshi ili upepo wa bahari upite.

Mji huu uliishi kwa majahazi. Pembe za ndovu, sandarusi na, kwa uchungu, watu, vilishuka kutoka bara hadi ghuba hii. Wajerumani waliutwaa Mei 1890 baada ya watu wa pwani kupambana nao, na Boma wakalijenga mwaka 1895. Mtwara unayoishi wewe ni mdogo wake kwa umri. Ilikuzwa baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga wa Nachingwea na kutafuta bandari yenye kina kirefu. Karanga zilishindikana, mradi ukafungwa mwaka 1951, reli ya Nachingwea nayo ikaja kung'olewa. Lakini biashara na ofisi zilikuwa zimekwishahama. Mikindani ikabaki na nyumba zake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na fedha za kuzibomoa ajenge mpya. Sasa ni mvua na mizizi ya miti inayozibomoa, na kila masika yakipita kuna ukuta mwingine umelala. Nenda mwaka huu.

Mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa sekondari. Nitaweza? (Msomaji wa Masasi)

Utaweza. Njia ya kando ya ghuba ni tambarare, mwinuko ni ule wa kupanda Bomani, na pale hata wenyeji hushuka wakakokota. Hauhitaji gia, baiskeli ya kawaida yenye karia inatosha. Ukaikague jana yake: breki zote mbili zishike, cheni isilegee, na siti irekebishwe ili mguu ukiwa chini kabisa kwenye pedeli goti libaki limepinda kidogo. Siti iliyo chini mno ndiyo inayowaumiza magoti watu, halafu wanasema ni uzee.

Tuanzie Mtwara mjini au Mikindani? Na saa ngapi?

Ni kilomita kama 10 tu, na ghuba inapendeza njia nzima, lakini hiyo ndiyo barabara kuu ya kwenda Lindi na Dar es Salaam. Malori ya saruji na ya makaa ya mawe hayana subira na baiskeli. Kwa kundi lenye watoto au watu wasiozoea, nashauri baiskeli zipakiwe kwenye kirikuu, muanzie Mikindani.

Muda, anzeni kunapopambazuka. Juni na Julai jua huchomoza saa 12 na nusu imepita kidogo, Novemba linatoka kabla ya saa 12. Kufika saa 4 mnapaswa kuwa kivulini mnakunywa chai. Muulizeni mwongozaji habari za maji pia. Yakiwa yamekupwa mtawaona kina mama wakitafuta pweza na kombe, yakijaa mtaziona ngalawa zikiingia na samaki wa usiku. Mimi napenda maji yakiwa yamekupwa.

Mimi ni mwalimu wa historia, Newala. Naleta wanafunzi. Habari ya utumwa niieleze vipi? Waongozaji wengine hunyoosha kidole kila jengo bovu wakasema "hapa walifungwa watumwa".

Mwalimu, umegusa jambo linaloniuma. Biashara ile ilikuwa kweli kabisa, na haihitaji kutiwa chumvi. Wape wanafunzi miaka, wapime wenyewe. Mkataba uliofunga soko la Zanzibar na kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari ulitiwa saini mwaka 1873. Boma limejengwa miaka 22 baadaye. Kwa hiyo mtu akikwambia watumwa walinadiwa Bomani enzi za Sultani, mwanafunzi wako atamjibu kwa hesabu ya kutoa tu.

Kisha wasimamishe mbele ya nyumba yenye kibao cha David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti, si kwa ajili ya kumtukuza. Alifika ghuba hii Machi 1866, baada ya kukuta mikoko ya mlango wa Ruvuma hairuhusu kuteremsha ngamia aliokuja nao, akaondoka kufuata Ruvuma kuelekea bara. Mwezi Juni aliandika katika shajara yake kwamba wamempita mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti, amekufa, kwa kuwa alishindwa kwenda sawa na wenzake kwenye msafara. Wasomee habari hiyo palepale, na muwe kimya kidogo. Njia ile ni ya kwetu, wengine kati ya wanafunzi wako wanatoka vijiji vya ukanda huohuo.

Wasiondoke bila kuwajua Chuma na Susi, Waafrika waliomtumikia Livingstone. Nao walikuwemo katika safari hiyo ya 1866. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, hao na wenzao ndio waliouhifadhi mwili na kuubeba hadi Bagamoyo. Kibao ni cha Livingstone. Wewe waeleze waliobeba.

Nimeona mlango wa nakshi kwenye nyumba iliyoanguka. Naweza kuununua niuweke nyumbani kwangu Dar?

Usiununue, tafadhali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa nchini kabla ya mwaka 1940. Na hata sheria isingekuwepo, mlango ukiondoka nyumba imekwisha: hakuna atakayejenga upya ukuta wenye shimo. Ukiupenda, utazame vizuri, pitisha macho kwenye mfaa ule wa katikati, kwenye maua ya kizingiti, kwenye mnyororo uliochongwa pembezoni. Halafu mtafute fundi seremala akuchongee mpya. Mafundi wapo, na Kusini hatuna uhaba wa mikono ya kuchonga.

Mimi ni mkazi wa Mikindani. Wageni wenu wanakuja na baiskeli, wanapiga picha barazani kwetu tukiwa tunapika vitumbua, hawasalimii, wanaondoka. Hii ni haki?

Shikamoo mama. Si haki, na nakushukuru kwa kuandika.

Ndugu waongozaji, baraza ni sehemu ya nyumba. Aliyekaa pale yuko kwake, si sehemu ya maonyesho. Kundi likifika, mwongozaji ashuke kwanza, wageni nao washuke, salamu itolewe kama inavyotolewa: shikamoo kwa mkubwa, hujambo kwa mtoto, na kama mlango umerudishwa, hodi. Picha iombwe kwa maneno, na likija jibu la hapana, kamera irudi mkobani bila kinyongo. Na nunueni! Vitumbua vinauzwa. Kundi zima kunywa maji ya chupa yaliyotoka Mtwara mjini, kisha kupiga picha chungu cha mtu anayeuza uji, ni utovu wa adabu. Mimi ningetaka kila ziara ipange kifungua kinywa palepale mtaani, bei ya kawaida, bila kuombwa punguzo. Kundi lisilo na muda wa kusalimia lipunguze nyumba za kutembelea, salamu zibaki.

Wanawake tuvae nini? (Dada wa Lindi)

Suruali pana au gauni refu lenye suruali ndani, na mtandio. Kanga ifungwe vizuri mbali na cheni. Wanaume nao, kaptura fupi muwaachie wa ufukweni.

Tairi likipata pancha katikati ya ziara?

Miiba ya njia za kando ipo, kwa hiyo mwongozaji awe na pampu, kiraka, solusheni na spana ya kufungulia gurudumu. Asipokuwa navyo asubuhi mnapokutana, msianze. Na kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua ikiwa imenyesha usiku, ahirisheni hadi kesho yake: vichochoro vinateleza, na kuta zilizolowa si za kuegemeza baiskeli.